Nilisema Kompyuta Imekataa

Kiruruma, Jumapili alasiri

Koleta mwanangu,

Umetoka tangu saa nane kwenda kuaga kwa bibi yako mzaa mama na kwa majirani, na najua hutarudi mapema, maana kila nyumba itataka ukae. Mama yako yuko jikoni anakukaangia karanga za njiani. Kila akipita hapa mlangoni ananiuliza kama bado naandika tu. Yeye amekwisha kukuambia habari za basi la kesho, chumba cha kupanga, maji ya kuchemsha na aina ya watu wa kukaa nao mbali. Ameyasema vizuri kuliko ambavyo ningeyasema mimi, kwa hiyo hayo nayaacha. Mimi nina jambo moja tu, na ni la aibu. Nimekaa nalo karibu miaka tisa.

Siku barua ya kazi ilipofika uliisoma kwa sauti hapa sebuleni: mpangaji wa zamu, kiwanda cha kusindika samaki, Mwanza. Ukaiweka mezani ukasema, "Baba, nitafanya kama ulivyofanya wewe." Mama yako akacheka kwa furaha. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia kamba ya mbuzi. Ulidhani nimeguswa moyo. Niliguswa kweli, lakini si mahali ulipodhani. Huwezi kusema utafanya kama mimi kabla hujajua nilifanya nini. Na ukishajua, huenda usitake tena kunitaja mbele ya watu kama ulivyozoea. Hilo ndilo ninaloliogopa, na hata hivyo naandika.

Kiwanda cha kahawa nilichofanyia kazi ulikuwa ukikiona kutoka barabarani tu, bati refu na moshi wa jenereta. Ndani, msimu ukipamba moto, mashine za kukoboa hazikuzimwa. Tulikuwa na zamu tatu, ya asubuhi, ya jioni na ya usiku, na watu arobaini na wawili: waendesha mashine, wapakiaji, walinzi, na akina mama wa kuchambua, ambao ndio walikuwa wengi. Kazi yangu ilikuwa kusema nani aje lini. Nilikuwa na ubao mweusi uliotundikwa karibu na geti, na kila Jumamosi mchana niliandika majina ya wiki inayofuata kwa chaki. Kabla vumbi la chaki halijatua walikuwa wamekwisha kunizunguka. "Baba Koleta, umeniweka usiku siku tatu mfululizo, unataka mume wangu aoe mwingine?" Na mwenzake nyuma anamjibu, "Mwache aoe, upate wa kukupikia ukitoka zamu." Nilikuwa nafuta, naandika, nafuta tena. Nilikuwa najua kwa nani kuna mgonjwa, nani ananyonyesha, nani amegombana na nani hata wasikae meza moja. Ulikuwa upangaji wa kelele na wa kuchosha, na mara nyingi nilikosea. Ila nilikuwa nakosea mbele ya watu, nao wakinisahihisha hapo hapo.

Sasa lazima niseme jambo lingine ambalo unalijua nusu. Nilivuka mto Kagera nikiwa mgongoni mwa mama, nikiwa na miaka minne. Kutoka kule Rwanda nakumbuka vitu viwili: moshi wa majani ya mikaratusi, na sauti ya baba akiita ng'ombe mmoja mmoja kwa majina yao. Baba hakuvuka. Sisi tulipokelewa huku, tukapewa mahali pa kulima, nikasoma, nikamwoa mama yako, nikaitwa mtu wa Kiruruma. Sijarudi kule hata siku moja, ingawa nikiwa Kyerwa siku isiyo na ukungu naiona milima ya upande ule, ya kijivu, imekaa tu. Wewe nilikuambia tulitoka huko. Sikukuambia kwamba pale kiwandani nilikuwa Mnyambo, mwenyeji wa huku, tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Hakuna aliyeniuliza, nami sikujitolea kusema. Jina nililoandikishia kazi ni la ukoo wa babu yako mzaa mama.

Unaweza kuniuliza kwa nini, wakati karatasi zangu za uraia ninazo, zimegongwa mihuri, zimo kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati. Nilikuwa nazo hata ule mwaka ambao watu huku kwetu walikuwa wakiulizwa vitambulisho njiani, na familia nzima nzima zikipita zimebeba masufuria kichwani kurudi ng'ambo ambako watoto wao hawakuwahi kukuona. Nililifungua kopo lile kila jioni kuhakikisha karatasi zimo. Woga wa namna hiyo hausomi mihuri. Naueleza si kwa kujitetea, bali ujue ulikuwa ndani yangu siku programu ilipokuja.

Ilikuja mwanzoni mwa msimu, na dada mmoja mtaalamu kutoka mjini, akiwa na kompyuta mbili na nyaya za kutosha kufungia ng'ombe. Alikaa nasi siku mbili. Nilijifunza haraka kuliko karani wa mizani, ambaye alikuwa nusu ya umri wangu, na nilijivuna. Kila mfanyakazi alikuwa na ukurasa wake: kazi anazoziweza, siku ambazo hapatikani, na mwisho kisanduku kidogo cha kuwekea alama kwamba huyu anapatikana wakati wowote. Ukishajaza kurasa zote unabonyeza, na ratiba ya mwezi mzima inajipanga yenyewe kabla hujameza mate. Kabla hajaondoka yule dada aliniambia, "Mzee, hii haimjui mtu yeyote hapa. Wewe ndiye utakayewatambulisha kwayo, kwa hiyo wapitie wote uwaulize."

Sikuwauliza. Nilifunga mlango wa ofisi siku tatu nikazijaza zile kurasa peke yangu, kutoka kichwani, kwa sababu nilijiona nawajua watu wote arobaini na wawili kuliko wanavyojijua wenyewe.

Unajua mtu akifa huku kwetu inavyokuwa. Kitongoji kinasimama, jembe haliingii shambani mpaka azikwe, na kila mwenye kibanja, shamba lake la migomba, ana kikundi cha kuzikana ambacho hathubutu kukosa, maana naye siku yake atawahitaji. Kwa hiyo kwa Wanyambo na Wahaya wetu niliandika kila kitu: kikundi cha huyu, ibada ya yule, siku ya mnada, siku ya kwaya. Nilikuwa mwangalifu kama mtu anayeshona. Halafu nikafika kwa watu tisa waliotoka ng'ambo, wa Rwanda na wa Burundi. Vibarua wa siku nyingi, wengi wamepanga vyumba Omurushaka, hawana kibanja, hawamo katika kikundi chochote. Hao tisa niliwawekea alama ya wakati wowote, kwa kubonyeza mara tisa. Nilijiambia hawana misiba huku, na hawajawahi kuomba ruhusa. Ni kweli walikuwa hawaombi. Waliogopa kwamba atakayeomba hataitwa tena kazini. Katika kiwanda kizima mtu aliyepaswa kulielewa hilo bila kuelezwa nilikuwa mimi.

Na kulikuwa na sababu ya chini zaidi, ambayo imenichukua muda kuitazama. Kama mmoja wa tisa wale angepata nafuu kidogo kuliko wengine, mtu angeuliza kwa nini Mzee anawapendelea, kisha angeuliza Mzee mwenyewe ni wa wapi. Niliwabana ili nisifanane nao.

Zamu ya usiku katika skrini ilikuwa ya rangi ya bluu. Kufikia mwezi wa pili niliona majina yale tisa yamezama katika bluu tangu juu mpaka chini, na Jumapili zote pia. Programu haikuwa na kosa. Ilikuwa na watu thelathini na watatu wenye masharti na tisa wasio na masharti, ikafanya kama ambavyo wewe au mimi tungefanya tukiwa hatuwajui. Niliona, nikaiacha. Meneja alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, akasema, "Sasa huu ndio upangaji. Hakuna pengo hata moja." Mwisho wa msimu nilipewa cheti na godoro. Lile godoro ndilo ulilokwenda nalo sekondari, Koleta. Nilipokuwa nalifunga kamba juu ya basi nilijua limetoka wapi.

Sasa Spesioza. Unamjua, ndiye yule mama wa mboga pale Omurushaka anayekuongezea nyanya kila ukinunua kwake. Wakati ule alikuwa mchambuzi wetu, na ni mmoja wa wale tisa. Mama yake aliishi Bweranyange, kwa kaka yake Spesioza, kijana wa kulima vibarua.

Alikuja ofisini Alhamisi, saa mbili asubuhi, akitoka zamu ya usiku. Meneja alikuwepo akisaini makaratasi, na karani wa mizani, Projestus, alikuwa akinywa chai. Spesioza alikuwa na vumbi la kahawa hadi kwenye kope, na lile vumbi lilikuwa na mistari miwili ya maji. Kwa miaka sita alikuwa akiniamkia shikamoo kama wengine wote. Alikuwa anajua nilikotoka, nadhani, kwa sababu sisi hujuana hata kwa namna mtu anavyokunja mikono akisubiri. Lakini alikuwa amenihifadhi. Siku ile, kwa sababu alikuwa ametoka kulia, alinisalimia kwa lugha ya mama yangu.

Meneja aliinua kichwa. Projestus aliweka kikombe chini akacheka. "Kumbe Mzee nawe ni wa huko?"

Nilisema, "Dada, sema shida yako kwa Kiswahili."

Nimeyaandika maneno hayo hapa jinsi yalivyotoka. Hakuna mtu aliyenishika shati. Hakuna aliyenitisha. Projestus alikuwa anatania tu, na nina hakika kabla ya jioni alikuwa amesahau.

Spesioza akaomba radhi. Akasema mama yake anaumwa sana, anaomba Ijumaa mpaka Jumapili, atazifidia zamu zote hata kwa usiku wa mwezi mzima. Nikafungua ratiba, nikaliburuta jina lake kulitoa Ijumaa usiku. Mstari ukawa mwekundu, pakatokea maandishi kwamba zamu itapungukiwa mtu. Chini ya maandishi yale kulikuwa na vitufe viwili. Cha kwanza kilirudisha jina mahali pake. Cha pili kiliandikwa Endelea hata hivyo.

Hicho cha pili nilikuwa nimekwisha kukibonyeza mara nyingi. Nilikibonyeza kwa shemeji ya msimamizi aliyekwenda harusini. Nilikibonyeza kwa mzee wa kanisa. Nilikibonyeza kwa ajili yangu mwenyewe siku ya kipaimara chako, na kahawa ilikobolewa vilevile.

Niliigeuza skrini ili aione. "Unaona hii nyekundu?" nikamwambia. "Kompyuta imekataa."

Aliitazama kwa muda. Kusoma kwake kulikuwa kwa shida, sidhani kama alisoma kitu. Kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama vile anauliza habari za mkubwa fulani aliyeko chumba cha ndani, "Haiwezi kuombwa tena?"

Projestus alicheka mpaka akapaliwa na chai. Mimi nilisema haiombwi. Spesioza akasema, "Asante, Mzee, kwa kunijaribia," akatoka. Meneja akarudi kwenye makaratasi yake. Hakuna aliyeniuliza tena natoka wapi.

Mama yake alifariki Jumamosi usiku. Simu za wachambuzi zilikuwa zinaachwa kwenye boksi la mlinzi kabla ya kuingia ukumbi wa kuchambua, hiyo ilikuwa kanuni ya kiwanda. Alipotoka saa moja asubuhi mlinzi alimkabidhi ya kwake, na aliniambia baadaye kwamba Spesioza aliitazama bila kupiga, akaketi pale pale kwenye zege la mizani ya malori, mpaka lori la kwanza lilipopiga honi apishe.

Kiwanda kilituma watu mazikoni, na mimi ndiye niliyeongoza. Nilivaa koti. Tulikwenda Bweranyange na gari la meneja, mchele na sukari nyuma. Nilisimama mbele ya waombolezaji nikasoma salamu za rambirambi nilizoziandika mwenyewe, na zilikuwa nzuri, unajua napenda sentensi zilizokaa sawa. Baada ya hapo tukaketi. Mdogo wake marehemu, bibi kizee mwenye fimbo, alikuwa akisimulia siku za mwisho. Alisema tangu Ijumaa asubuhi mgonjwa alikuwa akiuliza kila mlango unapofunguliwa, "Ni Spesioza?" Wakawa wanamwambia yuko njiani. Akaingia jirani, akauliza. Akaingia mbuzi, akauliza. Watu walicheka kidogo hapo, jinsi watu wanavyocheka msibani. Kisha bibi yule akamgeukia Spesioza mbele yetu sote. "Wewe ulikuwa wapi?"

Spesioza alininyooshea mkono. Mkono mzima, kwa heshima. "Mama mdogo, huyu mzee alijaribu. Aliniombea mbele ya meneja. Ni kompyuta iliyokataa."

Bibi alinitazama juu mpaka chini. "Hiyo kompyuta haina mama?"

Wakacheka tena. Nami nilitabasamu, Mungu anisamehe, nilitabasamu pamoja nao. Bibi hakutabasamu. Alisogea karibu akaniuliza kwa ile lugha mimi ni mtoto wa nani, na wazee wangu walitokea kilima gani. Nilielewa kila neno. Ilikuwa ni sauti ile ile, hata kikohozi cha katikati, ya wanawake waliokuwa wakija kumtembelea mama yangu nilipokuwa mdogo. Nikamjibu kwa Kiswahili, "Samahani bibi, lugha hiyo siisikii." Mama yangu aliniaga kwa lugha hiyo alipokufa. Mimi nilikuwepo, kitandani pake, nimemshika mkono. Mimi nilipata kuwepo.

Jumanne yake nilifika ofisini kabla ya wote nikafuta zile alama tisa. Safari hii niliwaita watu, mmoja mmoja, wote arobaini na wawili, nikawauliza. Mwendesha mashine mmoja wa ng'ambo aliingia na karatasi zake zote ndani ya mfuko wa nailoni, akaziweka mezani kabla hajaketi, kwa sababu aliamini anafukuzwa. Nilipomwuliza Jumapili huwa anasali wapi akazirudisha karatasi mfukoni, akaniambia, akaeleza mpaka na sauti anayoimba katika kwaya. Mapengo yakaja, meneja akanung'unika, tukatafuta vibarua wa kuziba. Rangi ya bluu ikatawanyika. Niliendelea hivyo mpaka nikastaafu, na sifa ulizozisikia kwa watu, kwamba baba yako alikuwa mtu wa haki, ni za miaka hiyo. Si za uongo. Lakini mwenye kunisifu zaidi ya wote alikuwa Spesioza, na nilimwacha anisifu. Kila nilipopita pale kwake Omurushaka alisimama, akanipa kiti, akawaambia wateja, "Huyu ndiye aliyejaribu kunisaidia mama alipokuwa anaumwa." Nikanunua kabichi nisiyoihitaji, nikaondoka. Mama yako alishangaa kwa nini tunakula kabichi namna ile.

Mara nyingi nilijiambia haina maana kumchubua kidonda. Ni hoja nzuri, nilivyoijenga. Nilikuwa najilinda mimi.

Huko Mwanza programu itakuwa kubwa kuliko ile yetu. Umenionyesha kwenye simu yako jinsi mtu anavyoiona zamu yake akiwa kitandani, na jinsi maombi ya ruhusa yanavyokuja bila mtu kugonga mlango. Utawajua kwa picha ndogo za duara. Sina la kukufundisha kuhusu mashine, umenipita mbali. Ninachokijua ni hiki kidogo. Siku utakapolazimika kumnyima mtu, na utalazimika, maana samaki wataharibika na zamu haiwezi kubaki tupu, mwambie, "Nimekukatalia." Sema mimi. Utaona neno hilo lilivyo zito mdomoni. Mara nyingine litakushinda, na likikushinda rudi kwenye skrini utazame tena, huenda kuna kitu hukukibonyeza. Mimi nilitumia "imekataa" kwa sababu ilikuwa nyepesi, na mwanamke mmoja akaibeba miaka yote hii badala yangu.

Baada ya wewe kusema utafanya kama mimi nilikaa siku kumi na moja. Jumanne iliyopita, niliposema nakwenda kutengeneza miwani, nilikwenda kwa Spesioza nyumbani kwake. Alikuwa uani anapepeta maharage. Aliniamkia, akaleta kigoda, akataka kuweka chai. Nikamwomba asiweke kwanza. Nilimsalimia upya, kwa lugha yetu, mara ya kwanza maishani mwangu kwake. Ungo ukasimama. Kisha nikamweleza kama nilivyokueleza wewe: alama tisa, mstari mwekundu, vitufe viwili.

Hakulia wala hakupaza sauti. Aliniuliza, "Kwa hiyo kulikuwa na cha kubonyeza?"

"Kilikuwepo."

"Mbele yangu pale?"

"Mbele yako."

"Na hukuhitaji ruhusa ya meneja?"

"Sikuhitaji."

Akaokota mawe mawili madogo kutoka kwenye maharage, akayatupa. "Mimi nimeichukia ile mashine, Mzee. Hata benki nikiiona mezani naangalia pembeni. Nilisema kuna kitu pale hakina moyo, nisikitazame." Akaweka ungo chini. "Kumbe nilikuwa nakupa kiti."

Nikaanza kusema pole. Alinyanyua mkono. "Pole ulishanipa, mbele ya watu, kwenye karatasi. Ilikuwa nzuri. Usinipe nyingine." Akauchukua tena ungo. "Koleta alipita juzi kuniaga. Akaniambia anakwenda kufanya kazi ya kupanga watu, kama baba yake. Nikamwambia akifuata nyayo zako hatapotea. Hayo maneno nimempa mimi, yako kwake, na siyataki yaende Mwanza. Kayatoe."

Nikamwuliza kama naweza kuja tena. Alisema njia ni ya wote. Nilipoinuka hakunisindikiza. Unajua maana yake huku kwetu, mgeni wa umri wangu kutoka uani kwa mtu na kufika barabarani peke yake. Nilisikia ungo nyuma yangu mpaka nikafika kwenye migomba ya jirani.

Hiyo ndiyo sababu naandika. Sikuwa na ujasiri wa kuja mwenyewe kwako, nimetumwa. Mpango wangu ulikuwa kuichomeka barua hii katikati ya nguo zako, uikute ukiwa umefika, kwenye chumba chako kipya, mahali ambapo huwezi kuniona na mimi siwezi kukuona. Nilikuwa nimekwisha kutafuta bahasha. Nimeketi hapa tangu alasiri nikizijaza kurasa hizi, na kadiri nilivyoandika nimeona kwamba huko pia kungekuwa kujificha, safari hii nyuma ya karatasi na basi.

Kwa hiyo sitaiweka kwenye begi. Ukirudi, kabla ya kula, nitakupa mkononi, na nitamwomba mama yako asogeze taa na aketi nasi, maana naye hajui. Nitakaa kwenye kiti kilicho mbele yako. Utasoma taratibu au haraka, utakavyo, na ukifika hapa utainua macho. Ukitaka kuuliza, uliza. Ukitaka kunyamaza mpaka kesho saa ya basi, nitakubebea begi mpaka barabarani ukiwa umenyamaza, ukiniruhusu nikusindikize.

Ni mimi baba yako, niliye mbele yako sasa, nakusubiri umalize.